Shamari ya mbegu, ya kitunguu au ya shaba: upande ipi hapo nyumbani?

Kuna kosa nimeliona mara nyingi mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja. Mtu anaona picha ya shamari, lile tunguu jeupe nene lenye majani kama manyoya, anatamani, anaenda duka la viungo ananunua kifungu cha mbegu za shamari, anazimwaga kwenye tuta, zinaota vizuri kabisa, zinarefuka, zinampita kichwa, na kitunguu hamna. Anaongeza samadi. Hamna. Anaongeza urea, zinazidi kurefuka. Afu anakuja kuuliza kakosea wapi kwenye mbolea, kumbe hajakosea mbolea wala maji, kapanda shamari nyingine kabisa.

Na kuna wa upande wa pili, kanunua pakiti ya mbegu za shamari ya kitunguu kwa bei, kaipanda Dar mwezi wa kwanza jua likiwa kali, ikakimbilia maua ikiwa nyembamba kama kidole, akasema shamari haifai kwetu. Inafaa sana tu, ila kila aina na mahali pake na wakati wake. Mi nimezilima zote tatu hapa Arusha kwa miaka kadhaa na dada yangu yuko Tegeta kule Dar, tunalinganisha kila msimu, kwaiyo nitakayosema mengi tumeyaona kwa macho.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini

Kitaalamu zote ni mmea mmoja, Foeniculum vulgare, ukoo mmoja na karoti, giligilani na binzari nyembamba, asili yake nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania. Ule mji wa Marathon kule Ugiriki ulioipa jina mbio za kilomita 42, jina lenyewe ni shamari kwa Kigiriki. Kwetu huku imekuja zaidi kama kiungo kupitia wafanyabiashara wa bahari ya Hindi, na ndugu zetu Wahindi wenye asili ya Gujarat wanaiita variyali, ukienda duka lao ukitaja hilo jina hawakuulizi mara mbili.

Ila watu wameichagua na kuizalisha kwa karne nyingi kila mmoja kwa alichokitaka, ndo tukapata hizi.

Shamari ya mbegu, ile ndefu, unavuna majani na mbegu. Hii ndo ya duka la viungo.

Shamari ya kitunguu, Waitaliano wanaiita finocchio. Ile sehemu nene sio kitunguu kweli wala kiazi, haikai ndani ya udongo kama kitunguu maji, ni vitako vya majani vimevimba na kukumbatiana juu ya ardhi. Hili lishike kichwani maana ndo linaeleza kwanini ni ya kudeka.

Shamari ya shaba, ndugu wa ile ya mbegu, ila majani yake yana rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, kama shaba iliyochakaa. Nzuri kuitazama kuliko maelezo.

Vigezo vya kupimia

Nimepima zote kwa mambo yaleyale: utakula nini, joto la mahali unapokaa, nafasi na kina cha udongo, muda wa kusubiri, maji na kazi ya mikono, na mbegu unapata wapi. Kama una haraka, viwili vya kwanza ndo vinaamua karibu kila kitu. Watu wengi wanaanzia kwenye picha, we anzia jikoni kwako afu uangalie kipimajoto.

Shamari ya mbegu

Utakula nini: karibu mmea mzima. Majani machanga unakatia kwenye kachumbari, unamjaza nayo sato au changu tumboni pamoja na vipande vya limau kabla ya kumchoma, harufu yake inaingia mpaka kwenye mfupa. Mbegu unatia kwenye chai, kwenye achari, kwenye mchuzi wa samaki, unatafuna baada ya kula kusafisha kinywa, na wanaokula tambuu tamu wanaijua. Kuna jambo wengi hawalijui, ukivuna mbegu zikiwa bado changa na kijani, kama nusu ya ukubwa wake wa mwisho, ukazianika kivulini, zinakuwa laini na tamu kuliko zilizokomaa. India hizo zinaitwa za Lucknow na zinauzwa ghali. Ukiwa na mmea wako mwenyewe unazipata bure, na kwangu hii peke yake ni sababu tosha ya kuwa nayo.

Hapo hapo niseme kitu kwa mama wenzangu kwa uzito wote. Chai ya shamari kumpa mtoto mchanga kwa ajili ya tumbo, tafadhali ongea na kliniki kwanza, usikoroge mwenyewe nyumbani kwa kukadiria. Mtoto chini ya miezi 6 anatakiwa maziwa ya mama tu. Na ukiwa mjamzito, kiasi cha kwenye chakula hakina shida, ila usinywe vikombe na vikombe kama dawa.

Joto: hii ndo mvumilivu kuliko zote. Wanaolima kwa wingi ni Gujarat na Rajasthan kule India na jua la huko mnalijua. Nyanda za juu, yani Arusha, Lushoto, Iringa, Nairobi, Nakuru, inakaa raha mustarehe. Pwani inaota na inatoa majani mengi, ila upande wa mbegu unyevu unaisumbua, mvua ikikuta vichwa vinakomaa vinaota ukungu na kuwa vyeusi. Kwaiyo pwani hesabu miezi yako ili vichwa vikomae wakati wa ukavu.

Nafasi: inataka. Urefu ni mita 1.5 mpaka 2 na mzizi wake mkuu unashuka chini kama karoti ndefu, mche mmoja mpe sentimita 45 mpaka 60 kutoka kwa mwenzake. Kwa matumizi ya familia miche mitatu inatosha. Kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa chini unaweka mmoja, majani utakula vizuri, mbegu zitakuwa chache.

Muda: majani kama wiki ya 8 unaanza kudokoa. Mbegu ndo subira, miezi 6 mpaka 7 tangu kusia. Ila ukishakata mabua makavu kisiki kinachipua tena, unakaa nayo miaka kadhaa bila kupanda upya.

Maji na kazi: mwezi wa kwanza tangu kusia mwagilia mara kwa mara, baadae inajitegemea kwa kiasi kikubwa. Kazi iko kwenye kuvuna maana vichwa havikomai siku moja, unapita na mkasi kila baada ya siku chache unakata vilivyoanza kugeuka njano, unavitundika kivulini ndani ya mfuko wa karatasi. Ukisubiri vyote vikauke kwa pamoja nusu ya mbegu zitakuwa chini.

Mbegu: duka la viungo. Shida yake ni kwamba zile ni za kula, nyingine zimekaa miaka. Hesabu mbegu 20, zikunje kwenye tishu yenye unyevu ndani ya kopo, zikae sehemu ya uvuguvugu. Ndani ya wiki mbili zikiota 10 na kuendelea panda bila wasiwasi, zikiota 3 tafuta duka lingine.

Shamari ya kitunguu

Utakula nini: lile tunguu lenyewe, na majani yake pia kama yale ya mwenzake. Likiwa bichi linakatika kwa mlio kama tango, lina utamu na ile harufu ya shamari. Sicily wanalikata nyembamba wanachanganya na machungwa, chumvi na mafuta ya zeituni, na hii saladi mimi naifanya na machungwa ya Muheza yakiwa msimu, wageni wote wanauliza ni nini. Ukilipika, ukalichoma kwenye oveni au ukalitia kwenye supu ya samaki, ile harufu kali inatulia, inabaki utamu. Kwaiyo kama una mtu nyumbani hapendi harufu ya shamari mpikie kwanza, usimpe mbichi.

Joto: hapa ndo kwenye kilio. Inapenda ubaridi, nyuzi 15 mpaka 20 ndo raha yake. Ikipata joto kali, au kiu, au mizizi ikisumbuliwa, inajiona iko hatarini inakimbilia kutoa maua, na shamari ikishatoa kikonyo cha maua katikati tunguu linakuwa gumu lenye nyuzi, huwezi kulirudisha.

Sasa ukisoma maelezo ya Ulaya utakuta wanasisitiza urefu wa mchana, kwamba usisie mapema kwa sababu mchana mrefu unaichochea ichanue. Wako sahihi kwao. London mwezi wa 6 mchana unazidi saa 16. Ila Nairobi tofauti ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka mzima haifiki hata robo saa, na Dar haifiki saa nzima. Kwaiyo sisi hiyo kero hatunayo, adui zetu ni joto na kiu. Ni nafuu kubwa kwa watu wa milimani, ina maana Lushoto, Njombe, Limuru, Nyeri unaweza kusia karibu mwezi wowote ili mradi maji yapo. Pwani una dirisha moja la maana: sia mwezi wa 5 masika yakielekea kuisha, ili ijaze wakati wa kipupwe, mwezi wa 7 na wa 8. Dada yangu Tegeta kwa kufanya ivo kapata matunguu ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, madogo kuliko yangu, ila yanalika na ni matamu. Alipojaribu mwezi wa 11 hakupata hata moja.

Nafasi: haihitaji eneo kubwa. Haiendi juu sana ukiivuna kwa wakati, haizidi kiuno sana, na mche kwa mche ni sentimita 20 mpaka 30, kwaiyo tuta la mita moja kwa mita moja linabeba kama miche 12 mpaka 16. Ndoo au kiroba chenye kina cha sentimita 30 kinafaa, ila kwenye chombo hesabu mche mmoja au miwili tu na usisahau maji hata siku moja.

Muda: siku 80 mpaka 100 na kitu tangu kusia, kwenye baridi zaidi inachelewa kidogo. Ukifika ukubwa wa mpira wa tenisi anza kukata. Kata pale usawa wa udongo uache mzizi, vichipukizi vidogo vitatoka pembeni, haviwi matunguu tena ila kwenye kachumbari ni vitamu.

Maji na kazi: nyingi kuliko wenzake, nisikudanganye. Udongo usikauke kabisa hata mara moja kuanzia inapoota mpaka unapovuna, maana ukikauka afu ukamwaga maji mengi kwa hamaki tunguu linapasuka au mmea unachanua. Weka matandazo ya nyasi kavu au maganda ya karanga. Tunguu likifika ukubwa wa yai pandishia udongo taratibu kulizunguka, usifunike majani ya katikati, linabaki jeupe na laini.

Na usihamishe miche. Hili naliweka peke yake kwa sababu liliniuma. Mara ya kwanza nilisia kitaluni kama sukuma wiki, zikaota vizuri, nikang'oa nikapanda upya tutani, miche 40, na kati ya hizo nadhani 6 tu ndo zilitoa kitu cha kula, zilizobaki zote zilichanua mapema. Msimu uliofuata nikasia palepale tutani, mbegu zilezile za pakiti ileile, na nikala mpaka nikagawia majirani. Kama lazima uanzie pembeni tumia vikopo vya karatasi, hata ile mirija ya ndani ya toilet pepa, mche mmoja mmoja, uuingize ardhini na karatasi yake ukiwa bado mdogo bila kugusa mzizi.

Mbegu: agroveti kubwa za mjini au kuagiza. Hakikisha pakiti imeandikwa Florence fennel, yani shamari ya Florence, au jina la aina kama Zefa Fino au Orion. Zefa Fino inasifika kwa kutochanua mapema, mtu wa sehemu ya joto kidogo aanze na hiyo. Ni ghali kuliko za duka la viungo, hilo liko wazi.

Shamari ya shaba

Utakula nini: majani hasa, ladha yake inafanana sana na ile ya mbegu, watu wengine wanaiona pole kidogo. Rangi yake juu ya sahani ya wali mweupe au samaki ni ya kuvutia mno. Mbegu inatoa na zinalika, ila kwa chai mi naona ile ya kawaida ni tamu zaidi.

Joto: mvumilivu kama nduguye. Rangi inakolea ikipata jua la kutosha na majani yakiwa machanga, kivulini inafifia inakuwa kijani kijani.

Nafasi: mita 1.2 mpaka 1.8, inafaa kupandwa nyuma ya maua mafupi, au pembeni ya geti. Inapendeza pia kwenye chungu kikubwa barazani.

Muda: majani ndani ya miezi miwili, na inaishi miaka kadhaa.

Maji na kazi: kidogo. Kata vikonyo vya maua ukitaka majani zaidi.

Mbegu: hapa ndo kwenye ugumu, kwetu huku haipatikani kirahisi, wengi wanaletewa na ndugu aliye nje au wanaomba kwa mtu anayo. Mwenye nayo hakosi miche ya kugawa kwa sababu inajisia yenyewe.

Mambo yanayozihusu zote

Udongo uwe umechimbuliwa chini, sentimita 30 na zaidi, usituamishe maji, samadi iwe imeoza vizuri. Samadi mbichi na urea nyingi zinakupa majani marefu yanayoanguka na vidukari wanayapenda kupita kiasi. Mbegu ifukiwe nusu sentimita mpaka moja, maji ya kunyunyiza sio ya kumwaga, inachomoza ndani ya wiki moja mpaka mbili, kwenye baridi hata tatu, usikate tamaa ukafukua. Zikishatoa majani ya kweli mawili matatu punguza, hizo ulizong'oa tia kwenye saladi.

Jua liwepo kama saa 6 kwa siku. Pwani kwa ile ya kitunguu kivuli chepesi cha mchana, cha mgomba au neti, kinasaidia.

Wadudu ni wachache. Vidukari unawaondoa kwa maji ya sabuni ya kipande, nyunyiza jioni. Konokono wanapenda miche michanga, waokote usiku na tochi. Afu kuna yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano ambaye viwavi vyake mnavijua kwenye milimao na michungwa, anaweza kuja kutaga kwenye shamari pia, mkikuta kiwavi kimoja kimoja mtoeni kwa mkono. Upande wa pili maua ya shamari ni karamu, nyuki, nyigu wadogo na wadudu wengine wanaokula vidukari wanajaa, ndo maana mi kila mwaka naacha mche mmoja uchanue hata kama sihitaji mbegu.

Majirani: wabustani wengi wanaitenga shamari na nyanya, maharage na giligilani, wanasema inavidumaza. Mi naitenga pia, maana mbali na hilo ile ndefu inaziba jua na inakunywa maji ya wenzake. Ipe kona yake, mwisho wa bustani upande ambao kivuli chake hakimuumizi mtu.

Na kama unataka kujiwekea mbegu za kitunguu, kumbuka hizi zote ni mmea mmoja, nyuki hawachagui. Zikichanua pamoja zinachanganyika, mwaka unaofuata unapata kitu cha katikati, sio kirefu cha maana wala kitunguu cha maana. Acha aina moja tu ichanue kwa wakati mmoja, nyingine zikate vikonyo.

Hili la kujisia lichukulie kwa uzito. Ile ya mbegu na ya shaba ukiacha vichwa vikaukie shambani utakuta miche mpaka kwenye nyufa za saruji, na ikishazamisha mzizi kuing'oa ni jembe. California na Australia shamari iliyotoroka bustanini imekuwa gugu linalosumbua kweli. Kata vichwa kabla havijapukutika, hasa ukiwa karibu na mto au msitu.

Walioko nje ya Afrika Mashariki

Muscat na Ghuba kwa ujumla, sia ya kitunguu mwezi wa 10 au wa 11 joto likishashuka, ule msimu wa baridi ndo wakati wake, kiangazi usijaribu. Uingereza na nchi za jirani sia ya kitunguu baada ya katikati ya mwezi wa 6, mchana ukianza kufupika ijaze kuelekea vuli yao. Ya mbegu na ya shaba zinakauka juu wakati wa baridi zinachipua tena joto likirudi, mtu asizing'oe akidhani zimekufa. Na tafadhali msiokote shamari ya porini kandokando ya barabara kama hamna uhakika, kuna mmea wa ukoo huohuo wenye sumu kali ya kuua, mabua yake yana mabaka ya zambarau na ukiyaponda harufu yake ni mbaya. Shamari inanukia shamari.

Sasa we ni nani katika hawa?

Unakaa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar na unataka kitu kisichokusumbua: ya mbegu, kwa ajili ya majani zaidi, na mbegu uzichukulie kama zawadi. Ukitaka kujaribu ya kitunguu jaribu mwezi wa 5, miche 6 tu, kwenye kivuli chepesi, uone kwanza.

Unakaa milimani, una bomba au kisima karibu, na unapenda mboga mpya mezani: ya kitunguu. Sia kidogo kidogo kila baada ya wiki tatu, miche 8 kila awamu, ili isikuivie yote kwa mara moja.

Unakaa milimani ila maji ni ya mgao: ya mbegu. Usijitese na ya kitunguu, ile siku mbili za ukavu haikusamehi.

Una kazi ya kusafiri, unarudi bustanini mara moja kwa wiki: ya mbegu au ya shaba.

Unapika pilau, achari na chai ya viungo kila siku na hujawahi kutamani saladi: ya mbegu, miche mitatu. Hata kama hali ya hewa yako inaruhusu ya kitunguu, hutaila.

Una mgahawa mdogo au unapikia watu: ya kitunguu kwa tuta, na mche mmoja wa shaba wa kupambia sahani.

Una bustani ya maua mbele ya nyumba na mwenye nyumba mwenzako hataki kuona matuta ya mboga: ya shaba, hatagundua kama ni chakula mpaka umlishe.

Umepanga, una baraza tu na ndoo mbili: ndoo moja mche wa ya mbegu ukatwe katwe ubaki mfupi, ndoo ya pili ya kitunguu kama ni sehemu ya baridi, kama ni pwani na hiyo ya pili weka ya mbegu. Toboa ndoo chini matundu matano au sita, weka kokoto kwenye sahani ya chini isikae ndani ya maji, na usie palepale ndani ya ndoo mbegu nne, ubakize mche ulioshinda wenzake. Hizo za duka la viungo zipime na tishu leo usiku, wiki mbili zijazo utakuwa unajua kama unasia au unarudi sokoni.